Dada kaachika boma la kifugaji baada ya miaka 14: ng'ombe aliokabidhiwa siku ya kuolewa ni wa nani?

#1 Kijana wa Tambarare
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo, matusi msihangaike nayo, nyumbani yapo ya kutosha.

Dada yangu aliolewa kimila huku Simanjiro. Sisi ni Wamasai, ndoa ilikuwa ya kimila mwanzo mwisho, ng'ombe walikuja, wazee walikaa, pombe ya asali ikanywewa, cheti hakuna. Miaka 14, watoto watatu, mkubwa wa kiume ana 12. Shemeji alipoleta mke wa tatu mambo yakaharibika, kipigo juu ya kipigo, mwisho akaambiwa arudi kwao. Karudi na mtoto wa mwisho mgongoni na nguo za kwenye mfuko.

Sasa swali langu. Siku anaingia boma alikabidhiwa ng'ombe wanane wa kukamua, kama ilivyo kwetu kila mke na ng'ombe wa nyumba yake. Hao wanane wamezaliana, dada anahesabu 31 leo. Shemeji anasema mwanamke anapewa maziwa, hapewi ng'ombe. Na baba yetu naye anasema hivyohivyo! Nyumba nayo kaijenga dada kwa mikono yake, fito, udongo na mavi ya ng'ombe, ila ndo hivyo nyumba huwezi kuibeba.

Sheria ya ndoa inamtambua huyu au ile ni ya watu wa mjini?

#2 Popo Mstaafu
Pole mkuu. Mimi sina ushauri ila nakaa hapa na kahawa yangu, uzi huu utafika mbali.

#3 Wakili wa Mtaani
Inamtambua, tena vizuri. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya serikali na ya dini, na kutosajiliwa hakuifuti. Hata mahari isipokamilika ndoa inabaki ndoa, kifungu cha 41 hicho. Na wakileta ubishi kwamba hapakuwa na ndoa kabisa kuna kifungu cha 160, mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi na watu wakawaona kama mume na mke mahakama inachukulia ni wanandoa mpaka mtu athibitishe vingine. Hawa wana 14.

Mali ni kifungu cha 114, na hapo mchango haupimwi kwa hela peke yake, kazi inahesabika. Someni kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, Jaji Mkuu Nyalali. Walisema kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa alipata nusu na dada atapata.

Ila kwanza aende baraza la usuluhishi la ndoa, lile la kata linatosha. Bila hati ya baraza kwamba wameshindwa kuwapatanisha mahakama haipokei maombi ya talaka, labda kwa sababu maalum.

#4 Mkongwe77
Wakili hapo mwisho wa aya ya pili umechemka. Bi Hawa hakupata nusu, hakupata kitu. Mahakama ilikubali kabisa kwamba kazi ya nyumbani ni mchango, halafu ikasema mume alishampa shilingi 18,000 aanzishe biashara ya familia na yeye akazitapanya, kwa hiyo fungu lake kashalila. Alishinda hoja akashindwa kesi. Tunanufaika sisi wengine na jina lake, yeye aliondoka hivyohivyo.

Na hilo 114 unalolitaja ulisome lote. Jambo la kwanza kabisa mahakama inaloambiwa iangalie ni mila za jamii ya wahusika. Ndo linakuja mchango, madeni, mahitaji ya watoto, halafu inaambiwa ielekee kwenye usawa. Kwa hiyo shemeji yake akienda na laigwanani, kiongozi wa mila wa Kimasai, akasema mila yetu mwanamke haondoki na ng'ombe, hajaongea nje ya sheria.

#5 Wakili wa Mtaani
Mkongwe nakubali kuhusu Bi Hawa, niliandika haraka. Ila mila ni kitu cha kuangaliwa, haijaambiwa ndo iamue.

#6 Popo Mstaafu
Wakili kaanza kurudi nyuma kabla hata kahawa haijapoa 😂

#7 Yeyo wa Nyika
Mimi ni mwanamke wa Kimasai na nimeishi boma miaka ishirini na kitu, acheni niwaambie kitu ambacho hao wanaume wote hapo juu hawasemi. Kwetu ng'ombe hana mwenyewe mmoja. Mume anaweza kuchinja na kuuza lakini ng'ombe aliyeko kwenye nyumba yangu akitaka kumtoa ampeleke kwa mke mwingine anakuja kuongea na mimi, na asipoongea wazee wanamshangaa. Maziwa ni yangu kabisa, mume hagusi kibuyu. Na hao ng'ombe watarithiwa na watoto wangu wa kiume, si wa mke mdogo. Sasa mtu akisema ng'ombe ni wa mume peke yake huyo anadanganya mila, na akisema ni wa mke peke yake naye anadanganya. Shida ni kwamba zamani mke alikuwa haondoki hivi, akipigwa anakimbilia kwa baba yake, wanakaa wazee, mume analipa faini anamrudisha. Siku hizi mume hataki kumrudisha kwa sababu kuna madalali wa minada wanamsubiri.

Kijana, swali la kuuliza ni moja: siku ile wazee walitamka nini? Alipewa au alikabidhiwa?

#8 Kijana wa Tambarare
Yeyo takwenya (salamu ya kwetu), asante. Kwa kweli hilo sijawahi kulifikiria. Mama anasema alipewa. Baba anasema alikabidhiwa. Walikuwa wamesimama sehemu moja siku moja.

#9 Wakili wa Mtaani
Yeyo umegusa penyewe, na kisheria ina uzito. Kifungu cha 61, mwanandoa akimpa mwenzake mali wakiwa kwenye ndoa, inachukuliwa ni ya aliyepewa mpaka mwingine athibitishe sivyo. Kwa hiyo ikithibitika alipewa, hatuendi hata kwenye kugawana, ni wake. Na hata tukisema ni wa mume tangu mwanzo, 114 ina kijifungu cha 3, mali iliyokuwa ya mmoja kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake inaingia kwenye mgao. Wanane kuwa 31 si kuendelezwa?

#10 Mkongwe77
Mkuu ng'ombe huzaa wenyewe. Dada hakuwapanda.

#11 Yeyo wa Nyika
Mkongwe wewe hujawahi kulala na ndama ndani ya nyumba wakati wa mvua, wala kumtafutia majani ng'ombe aliyeanguka kiangazi. Wanaume wanapeleka malishoni, sikatai, lakini ndama, wagonjwa na waliodhoofika ni wa nani kuwatunza? Niishie hapo.

#12 Popo Mstaafu
Mkongwe chukua kiti ukae.

#13 Msafiri wa Namanga
Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku Kenya tulishamaliza hii mambo. Katiba ya 2010 ibara ya 45 inasema haki sawa wakati wa ndoa na wakati wa kuvunjika, kwa hivyo ni nusu kwa nusu. Na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 imetaja mpaka kulea watoto, kazi ya shamba na hata kumkalia mwenzako kama rafiki, yote ni mchango. Nyinyi bado mko na sheria ya 1971 jameni.

#14 Mkongwe77
Msafiri mmemaliza lini? Mahakama yenu ya Juu Januari 2023 kwenye ile kesi ya JOO na MBO ilisema wazi kwamba ibara ya 45 haimaanishi kila mtu anabeba nusu, lazima uonyeshe mchango. Yule mama alipata nusu kwa sababu ushahidi wake ulifika hapo. Na hiyo 2013 yenu nayo ina kifungu cha 11, mahakama iangalie sheria za kimila za jamii husika, alimradi hazigongani na Katiba. Ni 114 yetu imevaa suti.

#15 Msafiri wa Namanga
😂😂 haya nimekubali ya nusu. Lakini kwa wafugaji huku kuna kitu kikubwa zaidi hamjui. Sheria yetu ya urithi ya 1972 iliweka kando mifugo na mashamba ya wilaya kama Narok, Kajiado, Samburu, Turkana, Marsabit na zingine za huko kaskazini, mtu akikufa bila wosia mambo yaende kimila. Yaani sheria ya usawa ikaandikwa halafu wafugaji wakatolewa. Mabinti wa Kimasai ndio walibeba hiyo mzigo mpaka 2008, kesi ya mirathi ya mzee Ntutu wa Narok, Jaji Rawal akasema mabinti wanarithi kama ndugu zao, mila ya kuwanyima haiwezi kusimama.

Na ranchi za kikundi za sheria ya 1968, yaani ardhi ya malisho iliyosajiliwa kwa pamoja, walioandikishwa karibu wote ni wanaume wenye familia. Zilipokatwa vipande hati ikatoka na jina la mzee, akauza, mama akajua siku trekta inaingia. Sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 ndio ilisema mke akiolewa ni mwanajamii moja kwa moja. Lakini kwa wengi ardhi ilikuwa imeenda kitambo.

#16 Yeyo wa Nyika
Huyo ndo kaongea. Mila yetu haikuwa na hati. Hati ndo iliuliza "mwenyewe nani" na aliyejibu ni mwanamume.

#17 Mzee wa Makabrasha
Nimesoma kimyakimya sasa nichangie. Mnasema mila, mila ipi? Hii mnayoisikia mahakamani Tanzania kwa sehemu kubwa ni Tangazo la Sheria za Mila la 1963, GN (Tangazo la Serikali) 279 na GN 436. Serikali baada ya uhuru ilitaka kuunganisha mila za makabila ya ukoo wa baba, Hans Cory ambaye alikuwa mtaalamu tangu enzi za Waingereza akaandika, wakakaa na wazee, nisisitize WAZEE, ikawa karatasi. Humo mjane hana fungu kama mume kaacha ndugu wa ukoo, fungu lake ni kutunzwa na watoto. Mabinti wanawekwa daraja la tatu la urithi, la chini kabisa, na ardhi ya ukoo wanaitumia tu, hawaiuzi. Mila ilikuwa inabadilika kila kizazi, karatasi ikaigandisha.

Na tangazo lile lilienda wilaya kwa wilaya kupitia halmashauri, kwa hiyo Kijana usikubali mtu akusomee GN kabla hajaonyesha kama lilipitishwa kwenu.

Kuna wajane wawili walilipinga, Mahakama Kuu 2006 ikasema ndiyo ni la kibaguzi ila kuligusa kutafungua mengi, ikawanyima. Rufani ikatupwa kwa dosari ya kitaratibu. Wakaenda mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ya CEDAW, ile ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, 2015 ikasema Tanzania imekiuka haki zao.

#18 Binti Kihaya
Mzee umesahau ya kwetu Bukoba, Holaria Pastory. Aliachiwa ardhi ya ukoo na baba yake kwa wosia, akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000, mtoto wa ndugu akaenda mahakamani. 1990 Jaji Mwalusanya akasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Bibi yangu alikuwa anaisimulia kama hadithi ya sungura na fisi.

#19 Mzee wa Makabrasha
Sijaisahau binti yangu, nilikuachia wewe. Ila umalizie: jaji alimpa pia yule kijana miezi sita ya kuikomboa ardhi kwa kurudisha hiyo 300,000. Ukoo haukufukuzwa, uliambiwa ulipe.

#20 Mbarbaig wa Katesh
Naona Wamasai mmeteka uzi kama kawaida yenu, niwape ya majirani. Kwetu binti akiolewa BABA YAKE anampa ng'ombe wa kwenda nao. Hao si wa mume, mume akiwagusa bila ruhusa anatafuta matatizo. Na kuna baraza la wanawake, mwanamume akimkosea mwanamke kwa mambo makubwa wanakaa wanawake wenyewe wanamtoza faini ya dume, na hakuna mzee wa kuwazuia. Watu wa mjini wanadhani wafugaji wote ni kitu kimoja.

#21 Kijana wa Tambarare
Mbarbaig kwa hiyo nikaoe kwenu?

#22 Mbarbaig wa Katesh
Karibu, ila ujue shemeji zako watakuja na hesabu ya ndama 😂

#23 Mluguru Halisi
Na sisi wa ukoo wa mama tunawaangalia tu. Kwetu ardhi inakwenda kwa upande wa mama, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ndoa ikivunjika mwanamume ndo anabeba mfuko. Ila nisijisifu sana, mwenye kauli juu ya hiyo ardhi mara nyingi ni mjomba. Mwanamke anatoka kwenye kivuli cha mume anaingia kwenye kivuli cha kaka.

#24 Sauti ya Yaeda
Swali la pembeni. Jamii kama hizi wengine huziita watu wa asili, lakini hao ni nani hasa? Serikali inasema Watanzania wote ni wa asili, ila lile Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 la haki za watu wa asili Tanzania ilipiga kura ya ndiyo, Kenya ikajizuia. Ibara ya 44 inasema haki zote zilizomo ni sawa kwa wanaume na wanawake. Mimi nafanya kazi karibu na Wahadzabe, watu wa kuwinda na kukusanya chakula porini. Wao ndoa haina kesi, mume na mke wakishindwana mmoja anahamia kambi nyingine, na mara nyingi kambi ni ya upande wa mama wa mke, kwa hiyo anayejikuta mgeni ni mume. Hakuna zizi la kugombania. 2011 walipata hati ya kimila ya ardhi kwa pamoja kama jamii, si kwa kichwa cha familia, nadhani hilo limewasaidia wanawake kuliko semina kumi.

#25 Mkongwe77
Sauti umethibitisha hoja yangu bila kujua. Shida si mila wala sheria, shida ni mali. Pasipo na mali hakuna dhuluma.

#26 Yeyo wa Nyika
Kwa hiyo dawa ni tuwe maskini? Mkongwe aisee.

#27 Wakili wa Mtaani
Mimi bado nasema shida ni ushahidi na umbali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 20 imeshabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Baraza la ardhi la kijiji watu saba, watatu lazima wawe wanawake. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzake. Kifungu cha 68 mjane anaishi anapotaka na haolewi kwa lazima, "bila kujali mila". Yote ipo. Sasa huyo dada aende kilomita ngapi kuitafuta?

#28 Kijana wa Tambarare
MREJESHO. Juzi tulienda baraza la kata. Wajumbe walikuwa wazuri kuliko nilivyotegemea, mama mmoja alikuwa mkali kwelikweli. Ila shemeji kaja na hoja mpya. Anasema ng'ombe wote 31 wana chapa yake na alama ya sikio ya ukoo wake, na walipovishwa zile hereni za kielektroniki za utambuzi jina lililoandikishwa ni lake. Akauliza, mwenye mali asiyekuwa na alama hata moja kwenye mali yake ni mwenye mali gani? Watu wakacheka. Dada akanyamaza. Tumepangiwa tarehe nyingine.

#29 Mzee wa Makabrasha
Chapa ya mume inaweza kuwepo hata kwenye ng'ombe ambao mke kapewa na baba yake, maana wanachungwa pamoja. Chapa inazuia wizi, inamwambia mwizi ng'ombe hawa ni wa boma gani. Haisemi ndani ya boma ni wa nyumba ipi. Mwambie dada aseme hilo.

#30 Mluguru Halisi
Mimi niulize kitu kichungu. Baba yenu kwa nini yuko upande wa shemeji? Kuna mtu atatakiwa kurudisha mahari?

#31 Kijana wa Tambarare
Mluguru... ndiyo. Wakiachana rasmi wanadai baadhi ya ng'ombe warudi. Na nitasema ukweli kwa sababu hapa hamnijui, wengine kati ya hao nilioa nao mimi.

#32 Popo Mstaafu
Kahawa imenimwagikia.

#33 Mkongwe77
Ahaa. Kumbe.

#34 Yeyo wa Nyika
Msimcheke. Kila kijana kwetu kaoa kwa ng'ombe wa dada yake, tofauti ni kwamba huyu kasema. Na kwa mila ninayoijua mimi, amezaa watoto watatu tena wamebaki wawili kule, hayo mahari yameshajibiwa. Asikutishe mtu. Wanaodai kurudishiwa ni pale mke hakuzaa au kaondoka mapema.

#35 Wakili wa Mtaani
Na mtoto wa mwisho ana miaka mingapi? Chini ya saba sheria inaanza kwa kuamini ni vizuri akae na mama, ingawa inaweza kupingwa.

#36 Kijana wa Tambarare
Mitano. Ila wale wawili dada ndo hasa anawalilia, huyo mkubwa anachunga hao ng'ombe tunaogombania.

Halafu jana kafanya kitu. Kakaa na mama nyuma ya nyumba wakawa wanataja ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, nani kazaliwa na nani. Nanyokie aliyekuja siku ya kwanza, mabinti zake, wajukuu zake, yule aliyekufa ukame wa 2022, yule shemeji aliyeuza mnadani kulipia mke wa tatu. Mimi naandika kwenye daftari. Tumefika 27, wanne hawakumbuki vizuri.

#37 Wakili wa Mtaani
Mkuu daftari hilo ulitunze kama roho yako. Halafu kamuulize shemeji mbele ya baraza ataje hao ng'ombe kwa majina na mama zao.

#38 Mkongwe77
Na akiwataja wote?

#39 Yeyo wa Nyika
Hawezi. Atajua madume.

#40 Mbarbaig wa Katesh
Hao wanne waliobaki muulizeni mtoto mkubwa. Anayechunga anajua.

#41 Kijana wa Tambarare
Huyo ndo naogopa kumuuliza. Ni zizi lake la urithi lile, na baba yake kashamwambia mjomba anakuja kulichukua.